Kucha za Baba, Unyayo wa Mama

Machi 9

Wamehamia leo, Baba na Mama, na mvua ikaingia nao. Mabati ya nyumba yao yameoza, na fundi anasema hapandi juu mpaka masika yaishe. Nikawaambia waje kwangu. Sikuwaachia nafasi ya kubisha. Kazi yangu ni kufundisha watu udereva. Nikisema kushoto, mtu anakwenda kushoto.

Nimewapa chumba cha binti yangu, ambacho kiko wazi tangu aolewe. Baba amekuja na sanduku lake la useremala kana kwamba kesho ana kazi ya milango. Mama amekuja na kabegi kadogo na kimya chake. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu, na siri za watu alizozipiga chapa zingetosha kuvunja mtaa mzima, lakini hajawahi kutoa hata moja.

Machi 11

Mvua. Soksi hazikauki.

Machi 12

Nimetandua kitanda chao asubuhi nikakuta shuka limechanika upande wa miguuni, mistari kama limekwaruzwa na paka.

"Nani kachana shuka langu?"

Baba akatazama dari. Mama akamtazama Baba.

"Shuka za siku hizi ni karatasi," Baba akasema.

"Baba, vua soksi."

"Mbele ya mtoto?"

"Mtoto ana mjukuu njiani. Vua."

Akavua akinung'unika. Jamani! Kucha za vidole vidogo zilikuwa zimejikunja zikawafuata majirani zao. Ya kidole gumba ilikuwa nene, ya njano, imepinda kama pembe la kondoo. Nikauliza zimekatwa lini mara ya mwisho.

"Mkataji alikuwa mama yako," akasema. "Sasa macho yake yamegoma na mimi kiuno kimegoma. Mara ya mwisho nusura aondoke na kidole. Nikamwambia Bi Mkubwa, tuziache, zitachoka zenyewe."

Nikaleta beseni, maji ya vuguvugu, taulo na kikata kucha changu. Kikata kucha kikauma ile kubwa, kikateleza, kikavunjika. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huo ni mninga," akasema, "unataka msumeno."

Nimekatisha kazi njiani. Mguu mmoja umetengenezwa nusu, mwingine bado ni pori. Sipendi kushindwa na kucha.

Machi 16

Leo nimepita kliniki ya hospitali kuchukua dawa za sukari za Mama, na kwa kuwa nipo, nikamuuliza muuguzi wa chumba cha vidonda habari za kucha ngumu. Ni mwanamama mrefu, hana mzaha, ana sauti ya kunong'ona. Alinionyesha kwa kutumia kipande cha mshumaa: unakata vipande vidogovidogo, si kung'oa kwa mkupuo mmoja, unakata kwa mstari mnyoofu kufuata upana wa kidole, huchimbi pembeni kwa sababu pembe ikiingia nyamani ni balaa, halafu unalainisha kwa tupa. Ukimaliza kuosha, kausha katikati ya vidole. Mafuta paka kisiginoni kwenye magaga, katikati ya vidole usipake.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza, "Na mwenye sukari ni nani? Mzee?"

"Mama."

"Miguu yake umeiona?"

"Mama hana shida. Anajihudumia mwenyewe."

"Iangalie hata hivyo," akasema.

Machi 17

Nimemwomba Mama anionyeshe miguu. Alikuwa anakunja nguo.

"Mwanangu, miguu yangu inajua kukaa kimya. Kamhangaikie baba yako, yeye ndiye anayepiga kelele."

Nikacheka, nikamwacha. Kweli Baba anapiga kelele.

Machi 22

Jumapili. Kucha za Baba zimekamilika! Nimetumia mkasi maalumu wa kucha nene na tupa ndogo ya kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe, mpya, bado ina karatasi yake. Alikuwa akinielekeza kama ninaranda meza: "Fuata mkondo. Usikandamize. Acha tupa ijiendeshe." Nilipomaliza alinyoosha miguu yote miwili hewani akaitazama kama mtu aliyenunua viatu.

"Bi Mkubwa, njoo uone mume mpya."

Mama alikuja, akainama karibu sana kwa sababu ya macho, akasema, "Huyu namkumbuka," akarudi jikoni.

Machi 29

Jumapili nyingine, beseni jingine. Baba sasa anaisubiri siku yenyewe. Asubuhi nimemkuta ameshakaa kwenye kiti, suruali ameikunja mpaka magotini, taulo begani.

Aprili 3

Mvua haina simile. Nina mwanafunzi tunayemwita Klachi kwa sababu gari humzimikia kila penye taa. Leo limemzimikia katikati ya dimbwi. Nilishuka, nikasukuma, nikarudi nyumbani nikiwa chepechepe hadi kwenye kitovu.

Aprili 6

Kaka kapiga simu. Anaishi mbali, saa nyingi kwa basi, na ana maoni kuhusu kila kitu. Mama ale hiki asile kile, Baba atembee, madirisha yafunguliwe, yafungwe. Nikamwambia maoni ni mepesi kubebwa kwenye simu, aje abebe beseni. Akacheka, "Mdogo wangu, una ulimi wa msasa." Mdomo tu huyo. Tangu utotoni.

Aprili 10

Kituko cha leo: Mama alitoka sebuleni akiwa na kandambili mbili, akafika jikoni na moja. Nyingine ilibaki katikati ya korido imetulia, na yeye akaendelea kutembea, guu moja limevaa, guu moja tupu, bila habari. Nikamwita, "Mama, umeacha abiria njiani!" Akatazama chini. Akakaa hivyo kidogo, anatazama, kama vile mguu ni wa mtu mwingine. Kisha akarudi kuivaa. Tulicheka wote. Baba zaidi.

Aprili 13

Viatu vya Mama vyeusi vya kutokea vimebanduka soli. Nikasema tununue vingine. Baba akasema juu ya maiti yake. Akafungua sanduku, akatandika gazeti mezani, akashinda asubuhi nzima na gundi na visumari vidogo, miwani puani, anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu astaafu. Mama alivaa palepale, akazunguka sebule kama mwanamitindo. "Fundi wangu," akasema.

Aprili 15

Mvua. Kazini hakuna jipya.

Aprili 19

Jumapili. Baba, kucha na magaga. Kisigino chake kinaanza kuwa kisigino. Nikamwambia Mama, zamu yako. Akasema ameshaoga na ameshajikagua. Nimegundua kwamba siku hizi anafunga mlango wa bafu kwa kitasa na pia anavaa soksi humo humo ndani kabla hajatoka. Nikamuuliza Baba kama mkewe ana siri.

"Mama yako? Hata mwaka niliomposa alinijibu baada ya miezi. Mwache."

Nimemwacha. Ila sikupenda.

Aprili 24

Mama hakumaliza chakula. Anasema ni hali ya hewa.

Aprili 25

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwenye karatasi za fomu za wanafunzi wangu, nitazibandika baadaye.

Asubuhi nilipiga deki korido. Tunaishi na matope masika yote, kwa hiyo ni kazi ya kila siku. Nilipogeuka nikaona nyayo juu ya sakafu mbichi, leo bila soksi, kutoka bafuni kwenda chumbani kwao. Unyayo wa kushoto, maji matupu. Unyayo wa kulia, chini ya kidole cha mwisho, doa. Unyayo mwingine, doa. Nilidhani ni kutu ya ndoo. Nikagusa kwa kidole, nikanusa. Ilikuwa damu.

Nikazifuata mpaka mlangoni, nikaingia bila hodi. Mama alikuwa kitandani, soksi moja mkononi, anahangaika kuivaa haraka.

"Mama, iache hiyo soksi."

"Toka nje nivae."

"Sitoki."

"Mimi ni mama yako au wewe ndiye mama yangu?"

"Wewe ni mama yangu. Ndiyo maana sitoki."

Nikapiga magoti. Nimefundisha watu wengi wenye hofu, najua kwamba mtu akishikilia usukani kwa nguvu humnyang'anyi, unaweka mkono wako juu ya wake mpaka alegee. Nikaweka mkono juu ya wake. Ulikuwa wa moto. Homa. Akalegea.

Chini ya mguu, kwenye mzizi wa kidole cha mwisho, palikuwa na tundu dogo, pembeni peupe kama ngozi iliyolowana, katikati peusi. Kidole chenyewe kimevimba, kinang'aa, na wekundu ulikuwa umeshapanda juu ya mguu. Harufu ilikuwepo. Nikabonyeza kidogo, usaha ukatoka. Nikamtazama usoni nikingoja aruke. Hakuruka. Alikuwa ananitazama tu, anangoja nimwambie kinachoendelea huko chini.

"Inauma?"

"Haiumi. Sisikii kitu hapo."

Baba alikuwa mlangoni. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alikwenda kutafuta mwavuli.

Niliendesha mwenyewe. Barabara ilikuwa mto. Nilikwenda taratibu na sikusimama popote.

Aprili 26

Wamemlaza. Dawa zinaingia kwa dripu. Sukari ilikuwa juu sana, inashuka. Muuguzi wa chumba cha vidonda alishuka wodini kumwona. Alichukua kijiti chembamba laini, akamwambia Mama afumbe macho, aseme "ndiyo" kila atakaposikia kimeguswa. Akagusa kisigino, akagusa vidole, akagusa katikati ya unyayo. Mama alikaa amefumba macho, kimya, anasubiri tuanze. Tulikuwa tumeshamaliza.

Hapo ndipo ile kandambili ya korido iliponijia akilini, nikatoka nje kidogo nikatazame mvua.

Aprili 27

Daktari wa upasuaji ni kijana, amechoka, lakini anaongea vizuri. Picha imeonyesha kwamba uchafu umefika kwenye mfupa wa kidole cha mwisho. Damu inafika mguuni vizuri, hiyo ni bahati, maana yake kidonda kinaweza kupona. Lakini kidole hakifai tena. Akitoa kidole sasa, ana matumaini makubwa kwamba mguu utabaki. Tukingoja, haahidi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sitaki," akageukia ukutani.

Daktari akanitazama mimi. Nikamwambia atupe mpaka kesho.

Jioni kabla ya muda wa kuona wagonjwa kwisha nilibaki naye peke yangu. Nikamuuliza ilianzaje. Akanigeukia.

"Msumari," akasema. "Ndani ya kiatu. Nilivua nikaona soksi imeshikamana na soli. Ulikuwa umezama wote mpaka kichwa, mwanangu, na nilikuwa nimetembea nao asubuhi nzima sokoni. Nikauchomoa mwenyewe. Sikusikia chochote. Damu haikunitisha. Kilichonitisha ni huko kutosikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenileta hapa. Mama yako mkubwa aliingia hospitali na kidonda cha kisigino, wakakata kidole, wakarudi wakakata mguu, wakarudi tena. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Niliapa sitaonyesha mguu wangu kwa mtu." Akavuta shuka. "Halafu ule msumari ni wa baba yako. Alikuwa na furaha siku ile alipotengeneza vile viatu. Asijue. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Aprili 28

Kaka amefika. Aliingia wodini na begi mgongoni na matope mpaka magotini, basi lao lilikwama njiani. Kwanza akamkumbatia Mama, halafu akaanza: tumhamishe, kwenye jiji lake kuna hospitali kubwa, ana rafiki anayemjua mtu, tusikubali akatwe chochote hapa. Tulivutana kwenye korido.

"Safari ni siku nzima, Kaka, na barabara umeiona. Uchafu uko kwenye mfupa. Hausubiri basi."

"Wewe umeshaamua kila kitu. Kama kawaida yako."

"Sijaamua mimi. Ataamua Mama. Lakini mwambie ukweli wa barabara, usimwambie ndoto."

Akaenda kunawa uso. Aliporudi aliniomba nimpeleke kwa daktari, akauliza maswali mazuri kuliko yangu. Aliuliza mambo ambayo sikuyafikiria: atatembeaje, atavaa nini, nani atamfunga bandeji nyumbani, mguu wa pili utalindwaje. Daktari alimjibu yote. Tulipotoka akasema, "Basi. Ni hapahapa."

Aprili 28, mchana

Nimesahau kuandika la Baba, na ndilo kubwa.

Nilimtuma nyumbani akalete khanga na viatu vya Mama. Alirudi, hakuingia wodini. Nilimkuta kwenye benchi, mfuko wa khanga kando, kiatu cheusi cha kulia juu ya mapaja, mkono wake umo ndani mpaka kwenye kifundo. Alikuwa anapapasa soli kwa kidole.

"Kuna tundu," akasema. "Hili tundu nalijua. Niliupiga ukapinda, nikadhani umelala. Haukulala." Akanitazama. "Ni msumari wangu?"

Ningeweza kusema sijui. Mama aliniomba. Lakini Baba amepima mbao maisha yake yote. Tundu haliwezi kumdanganya.

"Ndiyo, Baba. Ni wako."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaweka kiatu chini, akasimama kwa shida, akaingia wodini. Nikamfuata mpaka kwenye pazia.

"Bi Mkubwa. Umenificha."

Mama akaelewa mara moja. Akanitazama mimi kwa jicho ambalo nitalilipia siku moja, kisha akamtazama yeye.

"Ulikuwa unapiga mluzi, Mzee."

"Afadhali ungenipigia kelele."

"Nilikupigia kelele lini mimi?"

Baba akavuta kiti akakaa miguuni kwake, si kichwani ambako wageni hukaa. Akaushika ule mguu mzima, wa kushoto, kwa mikono yote miwili, juu ya shuka. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kumwona akigusa mguu wa Mama.

"Nisikilize," akasema. "Dada yako alikuwa peke yake kidonda kilipoanza. Wewe si peke yako. Ukikubali, kila asubuhi nitauangalia mguu huu kwa macho yangu, wewe usiposikia nitasikia mimi. Ukikataa nitakaa hapahapa mpaka wanifukuze. Lakini ukubali."

"Wewe kuinama huwezi."

"Nitakaa chini."

Mama alicheka kidogo. Ndipo akasema nimwite yule daktari, ana swali. Daktari alipokuja akamuuliza, "Kijana wangu, mimi nikiwa nimelala humo ndani na ukaona mambo ni tofauti na ulivyosema, utakata zaidi?"

"Sitakata zaidi ya kidole bila wewe kuamka na kukubali, Mama."

"Andika hivyo hivyo," akasema mpiga chapa wa mahakama. Daktari akaandika, Kaka akamsomea neno kwa neno, akatia sahihi.

Aprili 29

Wamekitoa. Amerudi wodini anaongea, analalamikia chai. Mguu upo.

Mei 4

Mvua imepungua. Kidonda ni chekundu kisafi, muuguzi ameridhika. Kaka hajaondoka. Nilimkuta nyumbani kwangu anapiga soksi pasi moja moja ili zikauke, amezipanga kwenye mgongo wa kochi kama wanajeshi. Amefua shuka zote, amefunga kishikio cha chuma bafuni, ametoa zulia lililokuwa likinikwaza mwenyewe. Anafanya kazi bila kusema neno, na kwenye simu hakuna anayemweza. Nafikiri ile kelele yote ya mbali ilikuwa ni mikono iliyokosa cha kushika. Sijamwambia. Nimempikia.

Mei 9

Mama amerudi nyumbani! Ana kiatu kikubwa cha kitambaa chenye soli ya mbao mguu wa kulia na gongo la kuazima. Baba anamfuata nyuma kila hatua, mikono mbele, kama anayekimbiza kuku.

Mei 10

Asubuhi ya kwanza. Baba alitandika mto sakafuni, akajishusha kwa awamu, kwanza goti, kisha goti la pili, kisha matusi kidogo, akakaa. Kaka akampa kioo chake cha kunyolea. Akakiweka chini ya mguu wa Mama wa kushoto, akakizungusha, anatazama unyayo, kisigino, katikati ya kila kidole, akifungua kimoja kimoja kwa uangalifu kama kurasa mpya. Kisha wa kulia, pembeni mwa bandeji.

"Salama," akasema.

"Una hakika?"

"Bi Mkubwa, nimekagua vitanda vya wenye pesa kwa uangalifu mdogo kuliko huu. Salama."

Mama alikuwa ametazama pembeni muda wote, dirishani. Aliposikia hilo akageuka akatazama mguu wake mwenyewe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Alitazama pale palipokuwa na kidole. Hakulia. Akasema, "Kumbe ni pale tu."

Kumwinua Baba kutoka sakafuni kulitumaliza wote watatu.

Mei 13

Kaka ameondoka. Stendi alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, umefanya kazi." Nikamwambia, "Wewe pia." Tukatazamana kama watu waliokosea namba.

Mei 17

Jumapili. Sasa ni beseni mbili. Maji napima mimi kwa kiwiko, Mama haruhusiwi kupima kwa mguu. Kucha za Mama ni nyembamba, laini, zinakatika kama ganda la yai. Nilikuwa na wasiwasi, mikono yangu ilikuwa mizito kuliko kwa Baba. Nilikata kwa mstari mnyoofu, sikugusa pembeni. Baba alishika kioo na taa.

"Polepole hapo," akaniambia.

"Baba, nani mwalimu hapa?"

"Wa magari ni wewe."

Mei 23

Klachi amefaulu mtihani. Sikuamini, nikamwomba mtahini arudie kusema.

Mei 30

Jua. Nimeanika kila kitu, hata godoro.

Juni 3

Nimempeleka Mama kununua viatu. Vipana, vya kamba, ndani laini, havina mshono. Muuza viatu alitaka kumvisha, Mama akamzuia, akaingiza mkono wake ndani kwanza, akapapasa kila kona taratibu, kisha akanipa nami nipapase, kisha akampa Baba. Muuza viatu alitutazama kama majasusi. Sasa ndivyo tunavyofanya kila kiatu, kila siku, kabla mguu haujaingia.

Juni 8

Kliniki. Kidonda kimefunga. Muuguzi alikipapasa, akamtazama Baba na kioo chake mfukoni, akasema kwa mnong'ono wake, "Mzee, naomba nikuajiri." Baba hajatulia tangu hapo.

Juni 12

Fundi amepanda juu ya nyumba yao. Mabati yanakuja wiki ijayo, kisha watarudi kwao. Ni mitaa miwili tu. Nimewaambia Jumapili ni zangu.

Juni 14

Leo baada ya kuosha miguu alikuja mgeni, yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, kuja kumpa Mama pole ambayo alikuwa hajatoa. Watu wote huvua viatu mlangoni kwangu. Yeye hakuvua. Alisema hatakaa sana. Alikaa, akanywa chai, akapiga soga, akatuchekesha. Ila Mama, ambaye macho yake yamegoma, alikuwa ameacha kucheka.

"Mguu wako wa kulia unaukanyagia pembeni," akasema.

"Ni uchovu tu, Mama. Si unajua cherehani ya kukanyaga."

"Sukari unayo?"

"Kidogo. Ya kawaida."

Nilikuwa natoka jikoni na vikombe. Nikasimama.

Mama akavuta kigoda. Akainua mguu wake wa kulia mwenyewe, bila soksi, ukiwa bado una unyevunyevu wa beseni, akauweka juu ya kigoda mbele ya mgeni, vidole vinne na kovu, hadharani, sebuleni, mbele ya mtu baki. Mama yangu.

"Hapa palikuwa na kidole," akasema. "Mimi nilificha kidonda. Sikumwonyesha mume, sikumwonyesha mtoto. Na mimi nilisema ni uchovu."

Mgeni akautazama ule mguu. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha kabisa.

"Hapa ndani hakuna wa kukuchukua mguu," Mama akasema. "Hapa tunatazama tu. Vua, mwanangu."

Baba akainuka akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo, kwa heshima. Nikaweka vikombe chini bila kelele.

Fundi cherehani akatazama mlango. Akanitazama mimi. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu.